Joho la Safari la Mama Shigeno

Mama mkwe wangu, Shigeno, alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko jina la mwanawe wa pekee. Neno lenyewe ni "fumua." Nilianza kulisikia wiki ile ile niliyoolewa, nikaendelea kulisikia mpaka nywele zangu zikaingia mvi. Siku ya kwanza nilikuwa nimetarizi ukingo wa mkono wa joho, uzi mweupe juu ya kitambaa cheusi, nikajiona fundi. Mama akauchukua ule mkono, akaupeleka dirishani penye mwanga, akapitisha ukucha polepole juu ya mishono yangu.

"Hii umefundishwa na nani?"

"Na mama yangu."

"Wa mto upi?"

"Tokachi, Mama. Si ulikuja kuniposa mwenyewe?"

"Basi wa Tokachi wafanye hivyo hukohuko Tokachi. Hapa ni Saru. Fumua."

Nikafumua. Nikashona upya, akasema mwiba, ile ncha inayochomoza kwenye kona ya mchoro, umelala. Nikafumua tena. Nikausimamisha mwiba, akasema sasa umesimama kama askari anayengoja mshahara. Mume wangu Noboru alikuwa pale pale anakunywa supu yake ya samoni, macho kwenye bakuli. Baadaye nilipomuuliza kama mama yake ni mzima wa akili, alisema, "Ana macho makali tu." Noboru ni mtu wa nyanya. Ana vibanda vya plastiki kuanzia barabarani hadi mtoni, na kwa nyanya ana subira ambayo mimi sikujaliwa.

Sitaki kumsingizia Mama. Hakuwa na roho mbaya, na hakunionea mimi peke yangu. Jumatano, wanawake wa bonde walipokutana kwenye ukumbi wa kijiji kushona pamoja, wakimwona anaingia walikuwa wanasukuma kazi zao chini ya meza. Alimfumulia mke wa mwenyekiti. Alimfumulia mgeni aliyekuja kujifunza kwa siku moja, akaondoka na mkoba uliobaki nusu. Alijifumulia na yeye mwenyewe, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu, kwa sababu kazi zake zilikuwa nzuri na kila mtu mwenye macho aliliona hilo.

"Mchoro ni mlango," alikuwa akiniambia. "Shingoni, mikononi, kwenye pindo, ndiko mabaya yanakoingilia. Mwiba ukilala, umeacha mlango wazi."

"Mama, hiki ni kitambaa cha mezani."

"Kwani meza haina adui?"

Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Nilikuwa nafumua huku nimeuma meno.

Na kazi yenyewe si ya kuchezea. Kitambaa chetu cha asili hakitoki kwenye pamba, kinatoka kwenye gome la mti wa ohyo. Gome hubanduliwa Juni, mti unapojaa maji, na Juni ndiyo nyanya zinataka kila mkono ulioko nyumbani, kwa hiyo Juni kwetu ulikuwa mwezi wa kununiana. Gome hulowekwa hadi lilainike, likaoshwa mtoni, likafunguliwa tabaka kwa tabaka, likachanwa kwa vidole liwe nyuzi, nyuzi zikaungwa moja moja kwa fundo ambalo hupaswi kuliona. Hapo ndipo unakaa sakafuni, unafunga mtande, zile nyuzi za urefu, kiunoni, unafuma kwa nguvu za mgongo wako mwenyewe. Nyuzi za gome zikikauka zinakatika. Majira yote ya baridi birika lilichemka karibu na mtande, na nyumba nzima ikanuka majani yaliyolala kwenye maji. Joho moja linakula mwaka mzima. Mama akilimaliza analitandaza, anazunguka pembeni mikono nyuma, anakuta kasoro begani.

Lakini kulikuwa na joho moja ambalo hata mimi nililiheshimu, nalo ni joho la safari. Wanawake wa ukoo wake hujifumia wenyewe nguo watakayovishwa siku ya kufa, na mgongoni huweka mchoro waliofundishwa na mama zao. Mama aliamini kwamba huko ng'ambo wazee hawatazami uso, maana uso hubadilika na uzee. Wanatazama mgongo, wanajua huyu ni mtoto wa nani, wanamkaribisha.

Sasa sikiliza kituko. Mtu huyu aliyekataa mwiba mmoja kwenye kitambaa cha mezani, joho lake la safari aligawa. La kwanza alimpa jirani yetu Umeko, aliyemaliza ujana wake kwenye kiwanda cha samaki mjini na kufa ghafla bila kujiandalia kitu. Akafuma la pili, akampa binamu yake alipokufa. Mimi nikatazama kazi ya miaka inafungwa kwenye jeneza la mtu mwingine, nikajikaza kisabuni, lakini la Umeko lilinishinda.

"Umeko watamjuaje huko, Mama, kavaa mgongo wa mama yako?"

"Watamuuliza. Atasema katoka kwangu."

"Na wewe utavaa nini?"

"Muda upo."

Muda haukuwepo. Daktari alishatuambia moyo wake umechoka, na jicho la kushoto lilikuwa limeingia ukungu. Joho la tatu alilifuma kwa kupapasa, na lilipotoka kwenye mtande nilijua la nne halitakuwepo. Mgongo ulikuwa umekamilika, bado pindo tu. Nikala kiapo moyoni kwamba hili atalivaa yeye, apende asipende. Mwanamke aliyewavisha wenzake hawezi kuondoka na gauni la hospitali lenye kamba mgongoni. Nilikuwa tayari kugombana naye kwa ajili hiyo, na niligombana.

Hapa lazima nimlete Bi Haruno, ingawa jina lake halikuwa linatajwa mezani kwetu.

Kutoka dirisha la jiko letu unaona kilima, na juu ya kilima kulikuwa na ohyo mkavu, mweupe, usio na jani. Ulikuwa mti wa mama yake Shigeno. Bibi huyo aliwahi kuchukua gome pale enzi zake, kovu likajifunga, mti ukanenepa. Utaratibu wetu ni kuchukua upande mmoja tu na kuuachia mti ubavu wa kuishi. Unaupa tumbaku na mtama kidogo, unaushukuru. Halafu kabla hujaondoka unaufunga mshipi wa gome lake mwenyewe kuzunguka shina, upepo usije ukabandua lililobaki, na anayekuja nyuma yako ajue kwamba mti huu umeshatoa, apite. Juni moja, kabla mimi sijaolewa, Mama alichukua gome upande wa kilimani. Siku chache baadaye Haruno wa ng'ambo ya daraja alichukua upande wa mtoni. Mti ukabaki hauna nguo, na baridi ikaumaliza. Mshipi uliokutwa kwenye shina ulikuwa wa Haruno, fundo lake kila mtu alilijua. Basi bonde zima likajua nani kaua mti.

"Hapakuwa na mshipi," Haruno alisema tangu siku ile. "Nimepanda kutoka mtoni, mianzi imenifika kidevuni. Sikuona mshipi, nikachukua. Nikafunga wangu, nikaenda."

Hakuna aliyemwamini. Haruno alikuwa anashona haraka haraka na kuuza kila kitu kwenye maduka ya watalii, mikoba, vitambaa vya kichwa, hata vifuniko vya chupa. Wa upande wa pili ni Shigeno. Shigeno asahau mshipi? Watu walicheka tu.

Nakumbuka Jumatano ya mwisho walipokutana ukumbini. Haruno aliingia na mkongojo, theluji mabegani, nikainuka kumpa kiti kwa sababu nina adabu zangu.

"Karibu, Shangazi."

Mama hakuinua kichwa, akasema na mimi. "Mitsue, hebu tazama kuni zetu kama bado zina gome. Naona kuna watu wameingia."

Wanawake wakainamia sindano zao. Haruno akaketi, akapangusa miwani. "Bado upo, Bi Fumua? Nilidhani umeshajifumua mwenyewe ukaisha."

"Nakungoja utangulie, unisafishie njia."

"Nitatangulia, usijali. Na nikifika namtafuta mama yako kwanza. Namwambia hapakuwa na mshipi. Yule alikuwa mtu wa kusikiliza."

Siku nyingine zote Mama alikuwa na jibu, tena lenye pilipili. Siku ile alivuta kazi yake karibu na jicho zima, akaanza kufumua mstari ambao mimi niliuona hauna kosa. Nilidhani ni uchovu. Nikamwambia twende nyumbani, akaniambia nisimharakishe.

Haruno akatangulia kweli, kabla theluji haijayeyuka. Mwanawe Teruo alikuja kwetu na kofia mkononi, akasimama mlangoni hataki kuvua viatu, kwa sababu tangu azaliwe hakuwahi kukaribishwa ndani. Alisema mama yake ameondoka asubuhi. Alisema, bila kuulizwa, kwamba joho la safari hakuacha, yote aliuza, watamvika kimono chake cheusi. Akainama, akaenda zake.

Nilimtazama Mama usoni mara moja tu, ikanitosha. Niliingia chumbani kwake, nikalitoa joho sandukuni, nikalitia kwenye boksi la nyanya, nikalipeleka banda la kufungashia na kulipanga chini ya maboksi mengine. Sikuona haya na hata leo sioni. Niliporudi alikuwa amekaa mbele ya jiko la kuni, sanduku liko wazi nyuma yake.

"Mitsue, joho langu liko wapi?"

"Lipo mahali pazuri, Mama. Litatoka siku yako."

"Lete."

"Mama, ni Haruno. Haruno huyu huyu. Mimi umenikataza hata kununua chumvi kwa shemeji yake."

"Namjua ni nani. Lete."

"Sileti."

Noboru, ambaye kwa kawaida haingilii, akaweka vijiti chini. "Mama, na mimi sielewi. Si ndiye aliyeua mti wa bibi?"

Kwetu neno zito husemwa mbele ya moto, kwa sababu moto ndiye bibi wa nyumba na ndiye anayepeleka maneno kwa wakubwa. Mama akafungua kijimlango cha jiko, akauangalia moto, akasema nao badala ya sisi.

"Sikuufunga."

"Hukufunga nini?" nikauliza.

"Mti. Siku ile nilikwenda na Noboru, mdogo bado. Nimemaliza kubandua, mshipi niko nao mkononi, nyigu akamchoma. Akapiga mayowe. Nikambeba nikashuka naye, nikasema kesho nitarudi nifunge. Kesho yake mvua. Niliporudi nikakuta mshipi wa Haruno. Nikasimama pale. Kama ningefunga wangu wakati ule, ningekuwa nimefunga uongo. Nikashuka. Mti ulipokufa watu wakamtazama yeye, nikawaacha wamtazame."

Birika lilikuwa linachemka, hakuna aliyelitoa.

"Nyigu alinichoma wapi?" Noboru akauliza.

"Sikioni. Kunywa supu yako."

Mimi nilikuwa nimesimama, na hasira ilinipanda mpaka nikaisikia masikioni. Nilifikiria kila mkono wa joho, kila kitambaa, kila jioni niliyokaa nafumua kazi safi mbele ya wageni wangu wa Tokachi. "Mama. Umenifumulia maisha yangu yote. Kitambaa cha mezani, Mama. Mfuko wa vijiti. Na wewe hukufunga fundo moja."

"Ndiyo."

"Ukamwachia Haruno abebe peke yake mpaka kaburini."

"Ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Unataka nikupambie maneno, Mitsue? Nimesema ndiyo. Sasa lete joho."

Nilitoka bila koti. Nilikanyaga theluji hadi bandani nikitukana njia nzima, na ninajua kutukana kwa lugha mbili. Nilikuwa na hasira kwa ajili ya Haruno, ambaye nilimpa kiti Jumatano ile na sikumpa hata neno moja la kumtetea. Nilikuwa na hasira zaidi kwa sababu niliona wazi kwamba joho litaondoka, na kwamba safari hii sina la kusema. Nikabomoa maboksi, nikalichukua, nikarudi nalo.

Mama akalinusa. "Linanuka nyanya," akasema. Akavuta mkasi mdogo, akaligeuza mgongo juu, akaanza kufumua.

Nikamshika mkono. "Huo ni mgongo wa mama yako."

"Ndiyo maana."

"Umeko ulimpa hivyo hivyo."

"Umeko alikuwa anaenda kupumzika. Huyu anaenda kushtaki. Atasimamaje mbele ya mama yangu kumshtaki Shigeno, amevaa mgongo wa Shigeno? Nani atamsikiliza? Mpe mgongo wake asimame vizuri."

Kwamba anayeshtakiwa ni yeye mwenyewe, hilo halikumsumbua. Alitaka kesi iende sawa.

Tukafumua wote wawili, yeye upande huu na mimi upande ule, uzi wa mama yake ukawa unalala sakafuni. Mchoro wa mama yake Haruno, Mama aliujua kwa moyo. Wakiwa wasichana, yeye na Haruno walikaa mkeka mmoja, hilo nalo nililisikia kwa mara ya kwanza, walishonea karibu na moto mmoja na kuazimana sindano. Kwa bahati ulikuwa mchoro mdogo, unaokaa katikati ya mabega, pembe mbili zinazojikunja na mwiba mmoja juu. Jicho lake halikuona tena uzi mweupe. Alipitisha kidole juu ya kitambaa kunionyesha njia, mimi nikafuata na sindano. Hatukuchora kwa chaki, hatujawahi kuchora.

Nilipomaliza pembe ya kwanza akauvuta mgongo kwake, akapitisha ukucha juu ya mishono yangu. Nilishaweka mkasi tayari. Alirudia kupitisha, akafika kwenye mwiba, akasimama.

"Endelea," akasema.

Nilimwangalia kama nimesikia vizuri. Alikuwa amegeukia moto. Nikaendelea, lakini nilijichoma kidole, kitu ambacho hakijanitokea tangu nikiwa binti.

Nyumbani kwa Haruno watu walijaa hadi uani. Tulipoingia na Mama, minong'ono ikakatika, maana wengine walidhani amekuja kuhakikisha kama kweli Haruno amekufa. Akapiga magoti kando ya Haruno, akamvika joho kwa mikono yake, mimi namsaidia kunyoosha mgongo. Halafu akatoa kisu kidogo, akaupasua upindo. Hivyo ndivyo tunavyofanya, kitu kizima hubaki huku, kilichokatwa ndicho kinachoweza kusafiri na mwenyewe. Nilisikia gome linalia chini ya kisu, nikafumba macho.

Akasema kwa sauti ya Jumatano, ile ambayo ukumbi wote ulikuwa unaisikia. "Haruno, hapakuwa na mshipi. Ulisema kweli, mimi nilinyamaza. Ukifika, mwambie mama yangu yote, usipunguze. Na mimi nakuja."

Mke wa mwenyekiti aliweka kikombe chini. Teruo alitoka nje, tukamsikia anapenga kamasi karibu na ghala. Alirudi macho mekundu, akamimina pombe ya mchele, akampa Mama bakuli kwa mikono miwili. Hakusema amesamehe na Mama hakumwuliza.

Basi huyo ndiye mama mkwe wangu, amesafisha jina la mtu, na yeye mwenyewe hana cha kuvaa. Kwenye gari nilimkumbusha.

"Utatengeneza wewe," akasema.

"Mimi? Wa Tokachi?"

"Kwani kuna mwingine? Juni iko karibu."

Juni ikaja na nyanya zake. Teruo alijitolea kutupeleka msituni na gari lake la mizigo, Noboru akafunga vibanda asubuhi nzima bila kulalamika, na Mama akakaa kiti cha mbele, kioo chini, kutoa amri. Nilitafuta ohyo mwembamba ulionyooka. Nikauzunguka shina lote, mianzi inanikwaruza mashavu, nikatafuta mshipi, haupo. Noboru akauwekea tumbaku na kumung'unya maneno yake. Nikaweka kisu chini kwenye gome.

"Funga," Mama akapiga kelele kutoka garini.

"Sijabandua bado, Mama."

"Nimesema ufunge."

"Nifunge nini, hewa?"

"Mitsue, usinijibu vibaya, funga."

Teruo alikuwa anacheka amejishika kwenye mlango wa gari. Nilipobandua, gome likapanda juu likiachia kwa sauti yake ile, likaanguka mabegani kwangu lina maji. Nikaufunga mti. Hakuridhika. Akashuka garini, akapita kwenye mianzi ameshikwa na Teruo upande mmoja na Noboru upande mwingine, akalivuta fundo langu kwa mkono wake mwenyewe. Fundo likashika. Akabaki ameuegemeza mkono kwenye mshipi, tukamngoja.

Nilifuma majira ya baridi yote. Yeye aliunga nyuzi kwa kupapasa, akiwa amelala, na mafundo yake bado hukuyaona. Nilipoanza mgongo, ule wa mama yake, lile neno likarudi kwa nguvu zake zote. Fumua, Mitsue. Umepinda, fumua. Nilimwambia angenihurumia, akasema yeye haendi kushtaki, yeye anaenda kushtakiwa, na mtu wa kushtakiwa lazima avae sawasawa. Nikafumua. Bega la kushoto lilibaki la mwisho. Nililishona kandokando ya godoro lake, na alfajiri nilipogeuka kumwonyesha alikuwa ameshaondoka. Vitunguu mwitu vilikuwa ndiyo kwanza vinachomoza kwenye theluji ya mwisho.

Siku ya kumtoa, joho lilitandazwa kwenye mkeka, mgongo juu, tayari kuvishwa. Kisu cha kupasulia pindo kilikuwa kando. Gari la maiti lilikuwa linanguruma uani, Teruo na wanaume wengine wamesimama na kofia mikononi, wanawake wa Jumatano wamejaa barazani. Nikapiga magoti nilinyooshe. Nikapitisha ukucha juu ya mishono, sijui kwa nini, mkono ulikwenda wenyewe. Nilipofika bega la kushoto, mwiba ulikuwa umelala.

"Noboru, nipe mkasi mdogo."

"Si kuna kisu hapo?"

"Sikati. Nafumua."

Akachuchumaa, akaninong'oneza. "Mitsue, gari linangoja. Wa tanuri la kuchomea maiti wana saa zao. Watu wote hawa wamesimama. Ni mwiba mmoja, nani atauona?"

"Mama yake."

Alinitazama, akatazama joho, akanyanyuka akatoka nje. Nilimsikia anamwambia dereva azime gari. Nikakaa sakafuni karibu na Mama, nikafumua.